Ufunguo wa Geti

Magari ya wateja wa duka la gesi yalikuwa yameziba tena mlango wa mkahawa wa Bi Tausi. Kwa hasira akalifunga geti lililo kati ya mkahawa na duka, njia pekee ya kutokea dukani kule, akautupa ufunguo chooni. Kisha akarudi kuchochea makaa, akingoja aombwe radhi.

Haukupita muda, Mzee Shebe mwenye duka akaita nyuma ya geti, kwa sauti ya chini mno.

“Dada, fungua. Mtungi unavuja, na humu ndani tumo wengi.”

Bi Tausi akakimbilia nyundo avunje kufuli.

“Usigonge,” akasema Mzee Shebe. “Cheche moja tu itatumaliza.”

Harufu ilikuwa imeshafika. Akailaza nyundo chini kama mtoto aliyesinzia, akalimwagia jiko ndoo nzima ya maji. Makaa yakalia shii, yakanyamaza.

Nyuma ya geti, shii nyingine iliendelea.