Ufunguo wa Mama Violeth

Mama Violeth alimfungia mumewe chumbani saa kumi na mbili asubuhi, akavuta kitasa mara mbili kuhakikisha, kisha akatia ufunguo kwenye pochi tayari kwenda machimboni kuuza chai na maandazi.

"Kurasa tano," alisema kupitia mlangoni.

"Tano," akajibu Mayala kwa unyonge wa mtu aliyehukumiwa.

Hukumu yenyewe aliiomba kwa mdomo wake. Tangu aache ualimu ili aandike riwaya kutwa nzima, alikuwa amejaribu kila dawa ya uvivu. Alibandika ratiba ukutani, akaishia kuitazama. Alitega kengele ya simu, akaizima. Alikwenda kukaa na wanunuzi wa dhahabu pale Bugarama "kufanya utafiti", akarudi na habari za mpira. Miezi minne ilimpa kurasa tisa, na mbili kati ya hizo zilikuwa za shukrani.

Ndipo wakakubaliana. Mkewe amfungie mpaka saa nane mchana, amnyang'anye simu, amwachie chupa ya chai na ndoo yenye mfuniko. Riwaya ikikamilika kabla ya Juni kwisha, ataendelea kuandika. Isipokamilika, atarudi kushika chaki, na habari za uandishi zisisikike tena nyumbani. Dirisha lilikuwa wazi muda wote na mtu mzima angeweza kupita, lakini Mayala alikuwa na heshima zake.

Dawa ikafanya kazi. Kila alasiri alikabidhi kurasa tano zilizoandikwa kwa mkono. Kesho yake mkewe alizibeba kwenda nazo kibandani kwake, halafu akirudi anazitia sandukuni.

Kilichomuuma ni jinsi zilivyorudi. Zilirudi na mafuta. Ukurasa wa sitini na moja ulikuwa na alama ya dole gumba na chembe za sukari. Mayala akaelewa kwamba maisha ya Ngassa, yule mchimbaji kijana aliyemtungia riwaya nzima, yalikuwa yanafunikia beseni la maandazi. Hakulalamika, maana maandazi hayohayo ndiyo yaliyomlisha. Lakini alichoogopa kuliko kurudi darasani kilikuwa hiki: kwamba ataandika mpaka azeeke, na asisomwe na mtu yeyote.

Mkewe naye siku hizi alikuwa akirudi sauti imemkauka.

"Koo lina nini?"

"Vumbi la machimbo." Akaendelea kumenya viazi. "Hivi huyo Ngassa wako atamuoa Juliana lini?"

"Unauliza ya nini?"

"Nauliza tu. Mtu keshatoa mahari, ng'ombe kumi na wawili, anangoja nini tena?"

Mayala akadhani mkewe amechungulia ukurasa mmoja wakati anafunika beseni. Akafurahi hata kwa hicho kidogo.

Juni ilipobakiza siku nne, mkono ulichoka. Ngassa alikuwa amekwama pabaya, na kumnasua kulidai sura mbili nzima. Mayala akapiga mwayo. Akamuua kwa mistari mitatu, akaandika MWISHO, akalala usingizi mnono mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Nimemaliza," alimwambia mkewe.

Mama Violeth akazikumbatia karatasi bila kuzisoma, akamchinjia kuku.

Kesho yake alimfungia kama kawaida, ili aanze kusahihisha. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Hakuna ufunguo.

Hapo ndipo Mayala aliposikia kitu kimepungua. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe zinazonguruma kutwa, yalikuwa kimya. Bugarama nzima inajua maana ya kimya hicho. Akifa mchimbaji, siku hiyo hakuna anayeshuka shimoni. Akamkumbuka shemeji yake Benjamini, mdogo wa Mama Violeth, ambaye hushuka kila siku na ndiyo kwanza amechumbia. Heshima zote zikamtoka, akaruka dirishani.

Barabarani alikutana na Edson wa bodaboda, kofia mkononi.

"Nani, Edson?"

"Kifusi, Mwalimu. Tumepata habari asubuhi tukiwa kwenye chai." Edson akafuta macho. "Kijana mbichi kabisa. Sasa yule mchumba wake ataishije? Panda twende. Mama Violeth hajiwezi."

Mayala akashika bega la Edson. Akapanda.

Mbele ya kibanda walikuwa wamefunga turubai. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, vichwa chini. Wanawake walikaa mkekani wamemzunguka mkewe, khanga kiunoni, hana hata sauti ya kulia. Na pembeni alisimama Benjamini, mzima wa afya, machozi yakimchuruzika.

Mayala akamrukia kwa furaha. "Shemeji! Kumbe uko salama! Ni nani basi?"

Benjamini akajitoa mikononi mwake, akamgeuzia mgongo.

Mzee Luka, msimamizi wa shimo kubwa kuliko yote pale, akainuka taratibu. Mkononi alishika karatasi.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, Mwalimu." Mzee akamnyooshea zile karatasi. Zilikuwa na alama za mafuta. "Mkeo ametusomea mara tatu, tukidhani amekosea. Sisi hatuna maneno mengi. Hapa hatushuki shimoni mpaka umtoe Ngassa."

Mama Violeth alikuwa keshasimama, ufunguo mkononi.