Bastola ya Nadine

Silinda ya bastola ilikataa kuzunguka tena. Orval aliisukuma kwa kidole gumba, akajaribu kwa mkono mzima. Wapi.

"Imegoma raundi ya ngapi?"

"Ya pili," alisema Nadine, akivua koti. "Wenzangu wote wanapiga shabaha, mimi nimekaa benchi kama mzigo uliosahauliwa. Glen wa pale uwanjani anasema bastola ina kiburi kama mwenyewe."

"Glen hajakosea sana."

"Haya, mtetee." Aliweka pai mezani, akajimiminia kahawa. Vikombe alijua vinakaa wapi. Hii ilikuwa Jumamosi ya kumi na moja tangu alipoileta kwa mara ya kwanza bastola hiyo ya marehemu mumewe. Siku nyingine sita za juma, kilichonguruma jikoni mwa Orval ni jokofu peke yake.

Bastola ya baruti nyeusi haingoji kesho kusafishwa. Masizi yake hunyonya unyevu, na kukicha chuma kimeshika kutu. Ndiyo maana Nadine alitoka uwanjani moja kwa moja hadi kwa Orval, fundi aliyetengeneza bunduki za nusu ya wilaya kwa miaka arobaini. Orval aliifungua vipande vipande, akaviosha kwa maji ya moto na sabuni, akavikausha ndani ya oveni. Mwisho alivipaka shahamu ya kondoo iliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, kwa mkono wake. Kila Jumamosi bastola iliondoka ikizunguka kama pia. Kila Jumamosi ilirudi imekwama.

Jambo hilo lilimnyima usingizi. Tangu mkewe afariki, kitu pekee alichobaki kukiamini ni mikono yake.

"Nadine," alisema bila kumtazama. "Wiki ijayo mpelekee Curtis, yule fundi wa mjini. Mimi nimezeeka. Nitakuharibia tu."

"Curtis haongei na watu. Ana redio."

"Ana mikono."

Nadine alikizungusha kikombe chake.

Orval alichomoa mhimili wa silinda. Ulikuwa umegandwa na uji mweusi unaonata. Majuma yote alikuwa akiutumbukiza majini upesi, kwa aibu, asitake kuuona. Leo, kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, alikwangua kidogo kwa ukucha, akanusa.

Mafuta ya injini. Baruti ikiungua kwenye mafuta ya injini hugeuka lami. Hata aliyejifunza juzi analijua hilo. Na Nadine alikuwa ameishi na mpiga shabaha miaka thelathini.

Aliuosha mhimili polepole. Akaukausha, akaupaka shahamu yake, akafunga kila kitu mahali pake. Silinda ikazunguka kwa mlio laini.

Nadine alikuwa ameshavaa koti. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Basi," alisema kwa sauti ya chini, "huyo Curtis anafungua saa ngapi?"

Orval alitoka kwenda gereji, akakawia kidogo, akarudi na chupa ya mafuta ya injini, mpya, haijafunguliwa.

"Chukua," alisema. "Yako itakuwa imekaribia kwisha."