Zamu ya Kutoka Getini

Tangu mtambo wa barabara uanze kukokotoa magari yote ya Morogoro na kuipangia kila nyumba dakika yake ya kutoka, foleni zimebaki hadithi. Anayeruhusiwa kutangulia zamu ni mwenye msiba au mwenye mgonjwa mahututi tu. Ndiyo maana Machi iliyopita Mwasiti, alipochelewa kazini, aliandika kwenye simu kwamba anakwenda kumzika mama yake. Geti likafunguka papo hapo.

Leo mama kabanwa kifua kwelikweli. Mwasiti akamwingiza garini, akaomba njia ya hospitali.

“Abiria huyu tulishamtoa kwenye hesabu,” mtambo ukajibu kwa upole. “Alizikwa Machi.”

Geti halikufunguka. Mama akamgeukia bintiye, pumzi zikimkatika.

“Mlinizika wapi, mwanangu?”