Zamu ya Fundi Cherehani

Marehemu alipoteza kete nyingine kabla chai haijapoa.

Mkewe aliachia kipanya, akaguna. Drafti hakuwahi kuijua. Lakini katika mji wa mbali alikuwako fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa moyo, aliyecheza na mumewe kila jioni kwenye kompyuta kwa miaka mingi bila kuonana ana kwa ana. Habari ya msiba ingeweza kummaliza mzee wa watu. Basi tangu mazishi, mjane alikalia kiti kile na kumchezea mumewe.

"Hatagundua?" aliuliza.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa fundi wa kompyuta. "Zamani mchezo ulikaa ndani ya mashine yako, na kila ukiufungua unakudai nywila. Huu uko kwenye kivinjari, shemeji. Uzuri wake, huhitaji kupakua kitu, unaufungua popote. Ubaya wake, kivinjari kinakumbuka nywila, hakikumbuki sura. Anayekaa hapo ndiye kaka."

"Basi kaka yako anachapwa."

"Mbona hata alipokuwa hai alichapwa."

Mjane alisogeza kete, akajuta, akabonyeza mshale wa kurudi nyuma ili airudishe. Drafti nzima ikatoweka, likaja tangazo la magodoro.

"Na huo ni ubaya mwingine," shemeji alisema. "Mshale huo haurudishi kete. Unakutoa nje wewe."

Jioni iliyofuata, fundi cherehani ndiye aliyetoweka katikati ya mchezo. Aliporudi aliandika chini ya ubao: "Samahani, nimebonyeza mshale." Kisha akampeleka kingi wake aliwe, bure kabisa.

Shemeji alicheka. "Mzee kaishiwa. Siku hizi anacheza kama wewe."

Mjane hakucheka. Moyo wa yule mzee umezidi kuchoka, aliwaza, na mimi namdanganya mtu anayekufa. Akavuta kibao cha herufi, akaandika kwa kidole kimoja: "Nisamehe, mzee wangu. Mwenzako alifariki. Mimi ni mkewe."

Kete hazikusogea. Chai ilipoa. Shemeji alisogeza kiti karibu, akakodolea macho kioo cha kompyuta.

"Umemuua," alinong'ona.

Hatimaye maandishi yakatokea.

"Pole sana, dada yangu. Fundi wangu nilimzika kabla ya wako, nikaogopa kumuumiza mumeo. Haya, zamu yako."