Washenga Wanapita Kesho

Paliondokea mtaa uliobanana hata jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayeamka. Humo, kando ya mtaro, Kuku mjane alikuwa akilalia mayai ya mwisho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mtaro ulikuwa umeziba kwa mifuko na chupa, na wingu lilikuwa limetanda. Mvua ikinyesha, mayai yangezama.

Kuku aliwaita wanamtaa waje kuzibua mtaro. Hakuja hata mmoja.

“Shoga, taka zile si zangu,” alisema Bata, mwenye maringo. “Mimi zangu nilizifagilia kwa Mbuzi.”

“Nami nikazisukuma mtaroni,” Mbuzi akadakia. “Sasa hizo ni za nani?”

Kuku akafikiri, kisha akanong’ona kwa sauti iliyoutosha mtaa mzima: “Kesho washenga watapita hapa kupeleka posa. Nyumba sijaambiwa, ila wanapenda usafi.”

Kila nyumba ilikuwa na binti. Kabla jua halijatua, mtaro ulikuwa umezibuliwa na kupigwa deki. Mbuzi alisugua hata mawe.

Asubuhi mvua ikamwagika. Maji yakapita mtaroni mbio, wala hayakugusa kiota.

Bata akaja amelowa, wanja ukimtiririka hadi mdomoni. “Wako wapi hao washenga, mwongo wewe?”

Kuku akainua bawa. Yai moja lilikuwa na ufa, na ndani yake mdomo mdogo uligonga, ukanyamaza, ukagonga tena.

“Punguza sauti, shoga,” alisema Kuku. “Wanabisha hodi.”