Kiti cha Kulia

Kila asubuhi ya theluji, gari la Verlyn lilikipasha moto kiti cha kulia, cha mkewe, kabla mwenyewe hajatoka nyumbani. Ndivyo alivyolipanga. Leo aliingia, akaweka kiganja pale, akakuta ubaridi mtupu.

Akapiga simu gereji.

"Programu ya gari imejisasisha, mzee, ikafuta mipangilio yako," fundi akamwambia. "Siku hizi kiti hakiwaki mpaka kihisi uzito. Mwambie mama akae tu, kitapata moto."

"Haya, nitamwambia."

Mkewe alizikwa Oktoba.

Akashuka, akafungua buti la gari, akatoa mfuko wa mchanga anaoubeba kila msimu wa baridi ili gari lisiteleze. Akaukalisha kitini, akaufunga mkanda. Kisha akapenyeza kiganja chini ya mfuko, akangoja joto.