Mtoto wa Fundi

"Na mimi ni nani yako?" mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye pasi.

"Dada wa dobi," alijibu Chiriku.

"Mama yako je?"

"Fundi cherehani, mlango wa pili."

"Na wakinichukua?"

"Silii."

Walifanya hivyo kila binti alipotoka shule, katikati ya mashati yaliyoning'inia na mvuke. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na kumfundisha mtoto wa aina hiyo kufunga bakuli lake hakukuwa kazi ndogo. Mwanzoni aliropoka "ma..." mbele ya wateja, akafinywa sikio. Fundi, ambaye vibali vyake vilikuwa kamili, alikubali kuwa mama wa bandia.

"Sijabeba mimba, sijalea," alitania. "Nimepata uzazi wa mteremko!"

Mama hakucheka sana. Alikuwa amesikia habari za watu wa uhamiaji: wakimkamata mzazi, mtoto naye anapelekwa kwenye makao, na kuonana tena ni majaliwa. Kufukuzwa yeye angevumilia. Mwanawe kulala kwa watu asiowajua, hilo hapana.

Waliingia mchana mmoja, duka likiwa na wateja. Mama aliiacha pasi juu ya shati la mtu. Waliomba kibali, naye hakuwa na cha kuwaonyesha.

"Una mtoto?" aliuliza mkubwa wao.

"Sina."

Afisa alimtazama Chiriku aliyekaa kwenye kigoda, akarudisha macho usoni kwa mama. Kisha akachuchumaa.

"Huyu ni mama yako, eti?"

"Hapana. Ni dada wa dobi tu."

"Usiogope, mwanangu. Niambie kweli."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtia mama baridi. Huu ni mtego, aliwaza. Mungu wangu, asiteleze sasa.

Chiriku hakuteleza. Alimnyooshea kidole fundi, aliyekuwa ameingia mbio na futi ikining'inia shingoni.

"Mama yangu yule pale."

"Ni wangu, afande," fundi alisema akihema. "Wa kumzaa mwenyewe."

Afisa aliinuka taratibu. Mama alipitishwa mbele ya kigoda na hakuthubutu kugeuza shingo. Roho ilimuuma kama imechanwa, lakini humo humo ndani ya maumivu alijivunia mwanawe. Mtoto mdogo vile, na hata chozi hakutoa.

Nje, alisukumwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lao. Afisa aliketi mbele, akavua kofia.

"Nilidhani yule mtoto ni wake," alimwambia dereva. "Ningemwacha palepale. Mwenye mtoto mdogo tumekatazwa kumchukua."